SSD ya nyumbani ikianza kusumbua: toa mafaili kwanza, ufundi baadaye

Jumapili moja mwalimu wa P7 (darasa la saba la msingi) hapa Busia, Uganda, alinifikia na CPU ya desktopu juu ya boda, ameifunga na leso ya mke wake juu kulikuwa na manyunyu, hata salamu hatujamaliza anasema, "Fundi, kompyuta imekufa." Namuuliza imekufa vipi mwalimu, anasema jana alitunga mtihani mpaka saa nne usiku, akasevu, akazima vizuri, asubuhi kufungua faili iko pale pale lakini ndani yake ni maswali ya wiki iliyopita. Akaandika tena, akasevu, akaristati, ikarudi vile vile. "Ni kama kuna mtu anakuja kufuta usiku."

Hakuna mtu anakuja. SSD yake, ile diski inayohifadhi mafaili, ilikuwa imeingia hali ya kusoma tu, yani inakubali kufunguliwa lakini haikubali kuandikwa, na Windows ilikuwa inashika kazi yake kwenye RAM, ile kumbukumbu ya muda, na kumwonyesha kama kila kitu kiko sawa, ukizima RAM inasahau na wewe unarudi wiki iliyopita. Kijana wa dadake alishajaribu kuifomati mara 2 ainstoli Windows upya, ikakataa, wakakasirika wakaileta. Banange, hiyo kukataa ndiyo iliokoa ile mitihani yote ya miaka 6, maana kama ingekubali kufomatiwa leo tungekuwa tunaongea mambo mengine.

Ndiyo maana naandika hii. Watu wengi wakiona SSD inasumbua wanaanza kuitengeneza, na hapo ndipo wanapoteza vitu. Diski yenyewe utanunua ingine, mafaili hayauzwi dukani.

Kwanza ujue SSD haifi kama ile diski ya zamani. Ile ya kuzunguka ilikuwa inapiga kelele, tak tak tak, inakupa siku kadhaa za kujipanga. SSD haina kitu kinachozunguka, ni chipu za kumbukumbu na chipu moja kubwa inayosimamia zile zingine, tuiite kontrola, na hiyo kontrola ikichanganyikiwa diski inapotea ghafla bila sauti, asubuhi iko, mchana haipo. Dalili zinakuja kimya kimya. Kompyuta inastaki sekunde 20 au 30 alafu inaendelea kama hakuna kitu. Unafungua Task Manager unaona diski iko 100% lakini spidi inayosomwa ni KB chache. Skrini ya bluu inakuja wakati hufanyi kitu kizito. Faili inakataa kukopiwa wakati jana ilikopiwa. Na ile mimi naiogopa kuliko zote ni kompyuta kusema haioni diski ya kuwakia, ukiristati bado haioni, ukizima kabisa ukachomoa waya wa ukutani ukangoja kidogo ukawasha, inaona. Kuristati hakukati umeme kwa diski, kuchomoa kunakata, kwa hiyo kama inaamka tu ukichomoa, basi kontrola ndiyo inalala, na siku moja haitaamka.

Ukiona hata moja ya hizo, acha kila kitu. Usifomati, usiinstoli Windows juu yake, usifanye defragi (kupanga upya mafaili kwenye diski), na hii nasisitiza juu kila mtu anakushauri hii, usikimbilie chkdsk /f, ile amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski. Hiyo amri inaandika, inahamisha vitu, inaamua yenyewe kipande gani cha faili ni takataka, na kwenye diski mgonjwa inaweza kukata mafaili yako vipande vipande mbele ya macho yako. Ina kazi yake, lakini siyo leo.

Kama Windows bado inawaka, hiyo ni bahati, tumia saa hii hii. Chomeka diski ya nje au flashi na anza na vitu vidogo vya maana: dokumenti, hesabu za biashara, paspoti ulizoskani, mitihani. Alafu picha. Filamu na muziki acha mwisho, hizo utapata tena. Nimeona mtu ameanza na folda ya filamu ya GB 90 juu iko ya kwanza kwenye skrini, diski ikafa ikiwa katikati ya filamu, na picha za harusi zilikuwa folda inayofuata. Usikopi folda kubwa zote kwa mkupuo mmoja, kopi kidogo kidogo, ikigoma kwa faili moja ruka endelea na zingine.

Kama Windows haiwaki, unahitaji kuwasha kompyuta kwa kitu kingine. Kwa kompyuta ya rafiki dauniloadi Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ni karibu GB 3 kwa hiyo jiandae na bando, iandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu inaitwa Rufus, na kumbuka Rufus inafuta flashi yote. Chomeka hiyo flashi kwenye kompyuta mgonjwa, wakati inawaka bonyeza F12 au F9 au Esc, inategemea kampuni, chagua flashi, na itafunguka Linux bila kuinstoliwa popote. Pale kwenye skrini kuna aikoni ya kuinstoli, usiiguse hata kwa kujaribu. Fungua folda, utaona diski yako ya Windows pale, kopi vitu kama kawaida.

Hapo wengine watagonga ukuta. Kompyuta nyingi za Windows 11 diski yake imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya siri ya Windows, na mwenyewe hajui, ukiifungua kwa Linux inakuuliza ufunguo wa tarakimu 48. Huo ufunguo mara nyingi uko kwenye akaunti yako ya Microsoft, ingia kwa simu utafute. Kama kompyuta yako leo iko salama, ingia leo uandike hizo namba kwenye karatasi, dakika 5 tu. Bila hizo namba hata fundi wa Marekani hakusaidii.

Kama diski inapotea potea katikati ya kukopi, kukopi kwa kawaida kutakuchosha, tumia ddrescue. Hii inakopi diski nzima kipande kwa kipande, ikikuta pabaya inaruka inaendelea, na inaandika ramani ya pale ilipofika, kwa hiyo diski ikizima unachomoa, unangoja, unawasha tena na inaendelea pale ilipoachia. Kwenye ile Linux ya flashi fungua terminali, lile dirisha la kuandika amri, uandike:

sudo apt install gddrescue

lsblk

Hiyo lsblk inakuonyesha majina ya diski na ukubwa wake. Hapa tulia, kunywa maji, soma mara 2, juu ukichanganya diski mgonjwa na diski mzima utakopi ile isiyo yenyewe. Alafu:

sudo ddrescue -d -n /dev/sda /media/mint/NJE/diski.img /media/mint/NJE/ramani.log

Pale /dev/sda ni diski mgonjwa, kama ni NVMe, ile nyembamba ya mtindo mpya, itakuwa /dev/nvme0n1. Pale NJE ni jina la diski yako ya nje, ambayo lazima iwe na nafasi kuzidi ukubwa wote wa diski mgonjwa, na isiwe imefomatiwa FAT32 juu FAT32 haibebi faili ya kupita GB 4. Ikimaliza mzunguko wa kwanza rudia amri ile ile lakini toa -n uweke -r3, itarudi kujaribu yale mapengo mara 3. Ile ya mwalimu ilitoka yote mzunguko wa kwanza, GB 240, nikaiwasha saa sita mchana na tukaenda kula rolex, ile chapati ya mayai, kurudi iko karibu kumaliza.

Sasa mafaili yako nje, yenyewe au ndani ya ile diski.img. Vuta pumzi. Hapa ndipo ufundi unaanza, na ukweli ni kwamba nusu ya SSD ninazoletewa hazijafa.

Anza na waya. Kama ni SSD ya SATA, ile ya umbo la kiboksi bapa, ina waya wa data na waya wa umeme, na huo wa data unalegea ovyo. Hapa kwetu vumbi ya malori ya mpakani inaingia mpaka ndani ya sukari, sembuse CPU, na nimeshatoa mjusi mkavu amelala juu ya pawa saplai. Zima, chomoa ukutani, toa waya wa data, angalia ncha zake, rudisha mpaka usikie imekaa, au bora weka waya mpya na ubadilishe hata tundu kwenye mazabodi. Kama ni ya M.2, ile kama kijiti cha chingamu, NVMe nyingi ziko hivyo, fungua skrubu moja, itajiinua yenyewe, futa meno yake ya dhahabu na spiriti safi kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, iache ikauke, rudisha. Usiguse chipu na kidole kama umetoka kusugua miguu kwenye kapeti.

Pili, ile betri ndogo ya duara kwenye mazabodi, CR2032. Hii imedanganya watu wengi sana. Kwa desktopu ya miaka mingi hiyo betri imekwisha, na siku umeme ukikatika au ukachomoa kompyuta, BIOS, ile programu inayoamsha kompyuta kabla ya Windows, inasahau mipangilio yake yote, inarudi ya kiwandani, na kama diski yako ilikuwa inasomwa kwa njia inaitwa AHCI ikarudi ile ya RAID, au kuwaka kulikuwa kwa njia mpya ya UEFI ikarudi ya zamani, Windows inakataa kuwaka na inakwambia haioni diski. Mtu anaenda ananunua SSD mpya. Dalili yake ni saa, ingia BIOS, ukikuta tarehe ni ya miaka 10 nyuma ujue betri ndiyo shida. Weka mpya, rudisha mipangilio, sevu. Mama mmoja jirani alishaambiwa kwenye duka fulani alipe SSD na Windows, shida yake ilikuwa hiyo betri tu.

Tatu, RAM. RAM mbovu inaharibu vitu kabla havijafika kwenye diski, alafu lawama inaenda kwa diski. Weka MemTest86+ kwenye flashi, iache izunguke usiku mzima kama umeme unaruhusu, ikikuonyesha hata kosa moja, ujue RAM ni mbovu.

Baada ya hapo sasa uliza diski yenyewe inajisikiaje. SSD zinaweka daftari la afya ndani yake, kwenye Windows unalisoma kwa CrystalDiskInfo, ni ya bure. Ukifungua utaona rangi, bluu ni nzuri, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya, na asilimia ya maisha iliyobaki. Usiridhike na rangi. Ile ya mwalimu ilikuwa bluu kabisa, inatabasamu, na haiandikiki. Angalia namba chini, na hapa kuna mtego, hizo namba zinaandikwa kwa mfumo wa kompyuta wenye herufi ndani, ukiona 1A4 usifikiri ni kosa, nenda Function, Advanced Feature, Raw Values, chagua 10 DEC zitakuwa namba za kawaida.

Kwa SATA mimi naangalia mistari 2 kwanza. Mstari wa 05 unahesabu vipande ambavyo diski imevistaafisha ikatumia vya akiba. Vikiwa vichache na havipandi unaweza kuishi navyo ukiwa na bakapu, vikipanda wiki kwa wiki hiyo diski inaondoka. Mstari wa C7 ni makosa ya njiani kati ya diski na mazabodi, na hayo karibu kila mara ni waya. Namba ya C7 hairudi sifuri hata ukibadilisha waya, kwa hiyo usiogope ukubwa wake, iandike pahali, tumia kompyuta siku 3, angalia tena. Kama imesimama, waya mpya umetibu. Nina desktopu hapa ya C7 yenye zaidi ya 2000, ilibadilishwa waya zamani na mpaka leo inapiga kazi.

Kwa NVMe majina ni mengine. Percentage Used ni uchakavu, ikifika 100 siyo kwamba inakufa siku hiyo, ni kwamba imemaliza maisha ambayo kampuni iliahidi. Available Spare ni akiba iliyobaki, hiyo inaanza 100 na inashuka. Media and Data Integrity Errors nataka kuona sifuri. Na Unsafe Shutdowns ni mara ngapi imekatiwa umeme bila kuagwa. Hiyo ya mwisho Uganda ni hadithi yake peke yake. Kwangu diski ya nyumbani inaonyesha 412 kati ya mara 655 zilizowashwa, yani zaidi ya nusu ya maisha yake imezimwa kwa Yaka (umeme wa kulipia kabla) kuisha au laini kukatika, na bado watu wanauliza kwa nini SSD zinakufa.

Ukiwa Linux namba hizo hizo unazipata kwa kuinstoli smartmontools na kuandika sudo smartctl -a /dev/sda. Kwa Windows pia fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, upande wa System, tafuta namba 7, 129 na 153. 7 ni kipande kibovu, 129 ni Windows imechoka kungoja diski ikaipiga kofi iamke, 153 ni imelazimika kurudia ombi. Moja moja kwa mwezi siyo kitu. Zikijipanga kila dakika, unajua.

Kama diski imepotea kabisa baada ya umeme kukatika, BIOS haiioni kabisa, usitupe bado. SSD ina ramani inayoonyesha kila kitu kiko kwenye chipu gani, na ikikatiwa umeme ikiwa inaandika hiyo ramani inaweza kuchanganyikiwa, inahitaji muda wa kujipanga bila kusumbuliwa. Kwa SATA kwenye desktopu chomoa waya wa data, acha ule wa umeme peke yake, washa kompyuta uiache dakika 20. Zima, chomoa na ule wa umeme, ngoja sekunde 30, rudisha, tena dakika 20, zima, sekunde 30. Alafu rudisha waya wa data uwashe. Kwa laptopu au M.2 huwezi kutenganisha waya, iache tu ikae kwenye skrini ya BIOS muda huo huo. Watu wanafikiri ni uchawi, lakini Crucial wenyewe wameandika hii njia. Haifanyi kazi kila siku. Ikifanya kazi, usishangilie, kopi.

Kuna pia ile programu ndogo inayoishi ndani ya diski, nayo inaweza kuwa na kosa la kiwandani. Crucial m4 mwanzoni mwa 2012 ilikuwa inapotea ikifikisha masaa 5184 ya kuwaka, hizo ni siku 216, dawa ilikuwa ni toleo jipya tu. Mwaka 2019 HPE (Hewlett Packard Enterprise) walitangaza baadhi ya SSD zao za seva zitakufa zikifika masaa 32,768. Kwa hiyo andika jina kamili la diski yako, nenda kwa tovuti ya kampuni, angalia kama kuna toleo jipya, lakini ulifanye bakapu ikiwa nje na laptopu ikiwa na chaji, desktopu ikiwa kwa UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), juu umeme ukikatika hapo katikati umeiua mwenyewe.

Na kuna SSD ambayo haiumwi, imeshiba tu. Ikijaa 95% kwenda juu inakuwa sloo kama konokono kwa sababu haina mahali pa kupanga vitu, ipunguzie mpaka ibaki na nafasi ya 15% hivi. Angalia na TRIM, ile kazi ya kuambia diski mafaili gani yamefutwa ili iyasafishe, kama iko: fungua Command Prompt kama admini, andika fsutil behavior query DisableDeleteNotify, ikijibu 0 iko, ikijibu 1 imezimwa. Lakini TRIM ina upande wa pili, faili ukishaifuta kwenye SSD diski inaisafisha kabisa nyuma yako, zile programu za kurudisha vitu vilivyofutwa hazipati chochote. Kwa hiyo yule anayekwambia "fomati tu, nitarudisha na programu" anaongelea diski za zamani.

Ukinunua mpya, usiamini lebo. Kuna SSD zinajiita TB 2 na ndani ni kadi ya memori ya GB 64 imegandishwa na gundi. Kabla hujaondoka mbali, ijaze na H2testw, inaandika mpaka mwisho alafu inasoma tena, kama ni feki utajua. Inachukua masaa, kwa hiyo elewana na muuzaji mapema kwamba ikifeli unarudisha, na risiti iandikwe namba ya diski. Ukibaki na pesa kidogo ongeza UPS ndogo, hata ile ya kukupa dakika 10 za kuzima.

Ile ya zamani kama bado inaandikika ifute kabisa kabla hujaiuza au kuigawa. Ile ya kusoma tu haifutiki, na kila kitu chako bado kiko ndani, yeyote akiichomeka anasoma, kwa hiyo ifungue kiboksi na uvunje chipu moja moja. Ya mwalimu tuliivunja na nyundo hapo nje ya duka juu ya jiwe. Nilitaka nipige mimi, akasema hapana fundi, hii imenifanya nitunge mtihani mmoja mara 3, lete hiyo nyundo.